Rangi ya gari imepauka: polishi itatosha au ipigwe upya?

Swali: Gari langu ni la bluu iliyoiva, metaliki, lina miaka 13 na kwa ninavyojua halijawahi kupigwa rangi. Milango bado ni mizuri ila juani inaonyesha mikwaruzo midogo kama utando wa buibui. Boneti imepauka. Kwenye paa, karibu na kioo cha mbele, kuna mabaka meupe na kingo zake zinabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Fundi mmoja anasema gari zima lipigwe rangi, mwingine anasema polishi ya mashine itarudisha kila kitu. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimsikilize hata mmoja mpaka akubali kulikagua gari paneli moja moja. Kwa ulivyoeleza, paa linataka rangi, milango inataka polishi, na boneti ndiyo yenye shauri. Hiyo huamuliwa kwa kujaribu, kuitazama tu hakutoshi. Rangi haizeeki sawasawa. Paa, boneti na mfuniko wa buti zinapigwa na jua la utosini mchana kutwa, milango inapata la ubavuni tu, kwa hiyo hakuna sababu ya gari zima kupewa tiba moja.

Rangi ya metaliki ya kiwandani huwa na matabaka manne. Kwanza kuna praima, yaani rangi ya msingi, inayonasishwa kwenye bati kwa umeme, bodi nzima ikiwa imezamishwa kwenye dimbwi. Juu yake huja praima ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, halafu klia, yaani tabaka la juu linaloona lisilo na rangi. Rangi yenyewe ni nyembamba mno, kwa kawaida maikroni 15 hadi 20 (maikroni 1,000 ni milimita moja), na ikikauka bila klia huwa imefifia, haina mng'ao wowote. Mng'ao wote unaouona ni wa klia, yenye maikroni kama 40 hadi 50. Ukijumlisha yote, gari lililotoka kiwandani lina kati ya maikroni 90 na 140 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina karibu maikroni 100. Ndiyo kusema mzozo wa mafundi wako wawili umo ndani ya unene wa karatasi moja, na sehemu ya kuchezea haifiki hata nusu yake.

Wateja wengi hawaambiwi kwamba polishi ya mashine haiongezi kitu juu ya rangi, inakwangua. Mkwaruzo ni mfereji mdogo kwenye klia. Mashine haiujazi, inashusha kingo zake mpaka zilingane na sakafu ya mfereji. Kompaundi kali, yaani krimu yenye chembe za kukwangua, kwa pedi ya manyoya hula maikroni 2 hadi 5 kwa kazi moja. Polishi laini ya kumalizia hula 1 au pungufu. Msasa wa maji wa P2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi) ukifuatiwa na kompaundi unaweza kuondoka na 10 fundi akiwa bado anapiga mluzi. Na kinachopungua si unene peke yake, kwa sababu viambato vya kuzuia mionzi ya jua vimo humo humo ndani ya klia; ukiipunguza klia umepunguza na kinga. Mafundi makini hujiwekea mpaka wa maikroni 10 hivi kwa maisha yote ya gari.

Sasa paa lako. Yale mabaka meupe ni klia iliyoachana na rangi iliyo chini yake. Jua limekula kinga, klia imekauka na kupasuka, hewa na maji vimepenya katikati, na mwanga unatawanyika humo ndipo unaona weupe. Kwa kuwa kilichokatika ni mshikamano, hakuna kompaundi ya kuurudisha. Mashine ikipita hapo inafanya kinyume: pedi inadaka ukingo uliolegea na kuuinua, na baka la ukubwa wa kiganja asubuhi linakuwa la ukubwa wa sahani jioni. Aliyekuambia polishi itarudisha kila kitu amekosea kwa paa, hata kama yuko sahihi kwa milango.

Jihadhari pia na onyesho moja linalowanasa wengi. Fundi anapaka kitu chenye mafuta au silikoni kwenye baka, anafuta kwa kitambaa, na weupe unapotea mbele ya macho yako. Umepotea kwa sababu kimiminika kimejaza nyufa na mwanga sasa unapita, kama kioo cha msasa kinavyoonyesha vizuri kikiloa maji. Oshwa mara mbili tatu, weupe huo hapo tena. Kwa sababu hiyo hiyo, kipimo cha kumwagia maji ambacho watu hupenda kukitumia kina mipaka. Mkwaruzo ukitoweka ukiwa umelowa, kuna matumaini kwamba ni wa juu juu. Lakini klia iliyokufa nayo hupendeza ikilowa, kwa hiyo kwenye paa kipimo hicho hakikuambii lolote. Hapo tumia utepe. Bandika selotepu imara juu ya ukingo wa baka, isugue kwa kidole gumba ishike, kisha ivute kwa nguvu. Ikija na magamba membamba yanayopitisha mwanga, mjadala umekwisha.

Kwa mikwaruzo tumia ukucha. Upitishe polepole ukikata mkwaruzo kimsalaba. Ukipita bila kukwama, mashine itauondoa au itaufifisha sana. Ukinasa, mfereji huo una kina kuliko unachoruhusiwa kukwangua. Utabaki, na heri ubaki kuliko kuutoboa uso mzima kwa ajili ya mstari mmoja. Ukiona rangi ya kijivu au nyeupe ya praima ndani yake, huo ni wa kujazwa kwa kalamu ya rangi au kupigwa upya. Na popote penye uvimbe mdogo mdogo chini ya rangi, hiyo ni kutu inayotoka ndani. Polishi hapo ni kupamba jeneza.

Kipimo cha unene wa rangi ndicho kinachotenganisha fundi na mbahatishaji. Ni kifaa cha kushika mkononi: unakigusisha kwenye bati, kinakupa namba kwa maikroni. Vya bei ya chini husoma chuma tu. Boneti ya alumini inataka kile kinachosoma metali zote mbili, na bampa za plastiki havizisomi kabisa. Pima sehemu zisizopungua 5 kwa kila paneli, na anza na fremu ya ndani ya mlango ambako jua na polishi hazifiki, ingawa mara nyingi huko rangi ni nyembamba kuliko ya nje. Kati ya 90 na 140, ni rangi ya kiwandani. Kati ya 200 na 300, paneli imeshapigwa rangi tena hata kama mwenye gari wa kwanza aliapa. Ukisoma 600 au zaidi, chini kuna filla, ile lipu ya kujazia palipobonyea. Upande wa pili, paneli inayosoma 75 wakati jirani zake zinasoma 115 imeshakwanguliwa na mtu kabla yako, na hiyo usiiguse kwa kompaundi kali. Kumbuka tu kwamba kifaa hiki kinasoma matabaka yote kwa pamoja. Hakikuambii klia peke yake imebaki kiasi gani.

Turudi kwenye boneti. Kupauka kuna aina mbili na kwa macho zinafanana. Ya kwanza ni ngozi ya juu kabisa ya klia kuchoka, pamoja na madoa ya maji magumu na kinyesi cha ndege yaliyojichimbia. Chini yake klia ni nzima. Ya pili ni klia yote kuwa imeoza, bado haijabanduka tu. Mwambie fundi achague kipande cha sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti, akizungushie utepe wa karatasi, na akifanyie kazi yote mpaka mwisho, kisha akifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya kompaundi yasimdanganye yeyote. Ondoeni utepe, mtoe gari juani, mchuchumae mtazame kwa ubavu. Kama kipande kimesimama kama kioo na bluu yake imekolea kuliko pembeni, boneti inapona. Kama kimeng'aa lakini ndani kuna ukungu wa maziwa, au unaona nyufa nyembamba zenye matawi kama nyayo za ndege, klia imekwisha. Hapo ongeza boneti kwenye orodha ya rangi na usilipe polishi yake.

Angalia na kitambaa au pedi iliyotumika. Gari lako lina klia, kwa hiyo mabaki yanatakiwa yawe meupe au ya rangi ya kompaundi. Pedi ikitoka na bluu, fundi ameshaitoboa klia na asimame pale pale. (Kwa magari ya zamani yenye rangi ya tabaka moja isiyo na klia, nyekundu na nyeupe hasa, rangi kwenye pedi ni jambo la kawaida. Hayo ndiyo yanayofurahia polishi kuliko yote, maana ule unga unaotoka ni rangi iliyokufa na chini yake kuna rangi nzima.)

Tuseme boneti imefaulu. Kazi ya polishi iliyofanywa sawasawa kwa milango, boneti na buti ni ya siku nzima, pengine mbili. Anayekuahidi saa moja na nusu atakupaka waksi yenye vijazio, na baada ya wiki chache mikwaruzo yote itarudi kukusalimia. Gari huoshwa kwanza, kisha hupakwa dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma, kisha husuguliwa kwa udongo maalumu wenye kuteleza unaong'oa vile vipunje vinavyokwaruza kiganja ukipitisha. Hatua hii ikirukwa, chembe hizo hunaswa kwenye pedi na kuchora mistari mipya. Halafu utepe wa karatasi kwenye kingo zote, mikunjo ya bodi, mpira na plastiki nyeusi. Kingo ndiko rangi ilikonyooka na kuwa nyembamba tangu kiwandani, na ndiko watu hutoboa.

Kuhusu mashine, ipo inayozunguka tu na ipo inayozunguka huku ikitikisika. Ya kwanza hukata haraka, hupasha rangi joto haraka, na mikononi mwa asiyeizoea huacha vivuli vya mviringo vinavyocheza ukitembea kando ya gari usiku chini ya taa. Ya pili ni ya taratibu na ina huruma. Kwa gari la umri huu, chagua ya pili. Matone manne au matano ya kompaundi kwenye pedi, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, mipito minne hadi sita inayopishana nusu kwa nusu, mkono ukisogea polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde. Pedi husafishwa kwa brashi au hewa kila baada ya kipande kimoja au viwili; ikishiba unga inaacha kukata na kuanza kuchoma. Bati likiwa la moto kiasi cha kutoweza kuliwekea kiganja, acha lipoe. Na kazi yote hufanywa kivulini. Fundi mzuri huanza na pedi laini na polishi hafifu, akiona haitoshi ndipo anapanda daraja. Ukimwona ameanza na manyoya na kompaundi kali kwenye mlango wenye utando wa buibui tu, mzuie. Asilimia 80 ya mikwaruzo ikiondoka na klia ikabaki, hiyo ni kazi nzuri kuliko asilimia 100 iliyoiacha klia ikiwa ngozi ya kitunguu.

Paa ni kazi ya aina nyingine, na hapa ndipo pesa hupotea kwa wingi, kwa sababu rangi mbaya haijulikani siku ya kuchukua gari. Inajulikana mwaka mmoja baadaye. Jambo la kwanza la kusimamia ni kwamba klia iliyolegea iondolewe yote, mpaka mahali inapokataa kubanduka, na fundi aende mbele zaidi ya hapo. Paneli lote lisuguliwe, kwa kawaida kuanzia msasa wa P180 hivi mpaka P320. Akilainisha mabaka tu na kupuliza juu yake, thina ya rangi mpya itapenya chini ya ukingo dhaifu, itauinua, na utabaki na mchoro wa ramani chini ya klia mpya. Palipofikia chuma panataka praima ya epoksi, kisha praima ya kusawazisha yenye hadina (dawa ya kuigandisha), ikauke kweli, isuguliwe kwa P500 au P600.

La pili ni mpira na mapambo ya kioo cha mbele. Umesema mabaka yako karibu na kioo. Fundi wa haraka atabandika utepe juu ya mpira na kupuliza. Rangi mpya itaishia kwenye kingazi kidogo ukingoni mwa mpira, na mashine ya kuoshea gari itaanza kuimenya kutoka hapo hapo. Mpira utolewe au uinuliwe kwa kamba maalumu ya kuingiza chini yake. Chini ya mpira kukikutwa kutu, kioo kitoke. Ni usumbufu, najua, lakini kutu ya pembeni mwa kioo haina njia ya mkato.

La tatu ni mahali klia mpya itakapoishia. Magari mengi yana mfereji pande mbili za paa, uliofunikwa kwa mpira au ukanda wa plastiki. Klia ikiishia humo, safi. Lakini kama nguzo ya nyuma imeungana na paa bila mstari wowote, kuna fundi atakayeififisha klia katikati ya nguzo kwa kupulizia thina ili mpaka usionekane. Hauonekani kweli, kwa miezi. Kisha ukingo huo mwembamba unakuwa wa kwanza kubabuka. Klia ishushwe mpaka kwenye mstari halisi wa bodi, hata kama inabidi nguzo nzima ipate klia.

Metaliki ina tabia yake. Vipande vyake vidogo vya alumini hulala kwa namna fulani kutegemea presha ya hewa, umbali wa bunduki ya kupulizia na unyevu wa rangi, ndiyo maana namba ya rangi ikiwa sahihi kabisa bado paneli inaweza kuonekana nyeusi zaidi au ya fedha zaidi ukiitazama kwa pembe. Bluu yako inataka mikono (mipulizo) 2 au 3, kila mmoja ukiachwa ufifie kabla ya unaofuata, na mwisho mkono mwembamba wa ukungu wa kulaza chembe sawasawa. Fundi apulize kwanza kipande cha bati cha majaribio, akipige klia, akiweke kwenye gari juani. Kulinganisha kwa rangi ya majimaji kwenye kopo ni kubahatisha. Kwa paa peke yake tofauti ndogo haionekani, kwani linatazamwa kwa pembe tofauti na milango. Boneti ndiyo inayosaliti, kwa kuwa inakutana na fenda uso kwa uso. Kama nayo itapigwa, fundi mzuri atafifisha rangi kidogo kuingia kwenye fenda na kuzipiga fenda klia nzima, na bei yake itapanda kwa haki.

Klia iwe ya kuchanganywa na hadina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Nyingi ni mbili kwa moja. Mikono miwili, dakika 10 hadi 15 katikati, kisha oveni ya digrii 60 kwa nusu saa, au kukaushwa kwa hewa usiku kucha. Anayekimbiza mkono wa pili hufungia thina ndani, nayo ikitoka huacha vitundu kama vya sindano. Anayeongeza hadina "ikauke haraka" hupata klia ngumu inayopasuka. Maji kwenye kompresa yasipomwagwa huja kuwa malengelenge ya baadaye. Kama umeshawaza kununua makopo ujipulizie mwenyewe, fahamu kwamba hadina hiyo ina isosianeti, kemikali ambayo inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya karatasi haizuii kitu.

Mpangilio nao una maana. Mwambie wa polishi aanze, lakini asipake waksi wala dawa yoyote ya kulinda, na atumie kompaundi isiyo na silikoni. Rangi ilinganishwe na fenda na milango iliyokwisha safishwa, maana bluu iliyopauka si bluu halisi ya gari, na ukilinganisha nayo paneli mpya zitakosana na za zamani zikija kung'arishwa. Silikoni ikitangulia karakana ya rangi, rangi mpya hujikunja na kuacha mashimo ya mviringo, yale mafundi wanayoyaita macho ya samaki, na hapo kazi hurudi kwenye msasa.

Paneli mpya ioshwe kwa maji tu na kitambaa laini kwa mwezi wa kwanza, isipakwe waksi wala kinga ya seramiki mpaka muda ulioandikwa na mtengenezaji wa klia upite. Kwa nyingi ni kama siku 30. Zile za zamani zinaweza kupakwa kinga siku hiyo hiyo ya polishi ya mwisho. Na kabla gari halijaondoka karakanani, omba namba za kipimo cha unene za kila paneli, za kabla na za baada, ziandikwe nyuma ya risiti. Fundi atakayeshika mashine juu ya milango hiyo miaka mitatu ijayo, hizo ndizo atakazotaka kuziona kwanza.